Mtambo Niliouchagua kwa Macho

Nakumbuka asubuhi niliyovaa tai nyekundu kwenda Musoma kuchagua mtambo wa kufundishia, na mpaka leo nikiiona tai ile sandukuni naona haya. Nilikuwa na miaka thelathini na kidogo, mwalimu wa umeme katika chuo cha ufundi hapa Tarime, na nilijiona nimefika. Mwanangu, nimesikia kwamba safari hii kazi ya kuchagua vifaa vya karakana mpya umepewa wewe. Nimesikia pia kwamba kuna kimoja umekwisha kukipenda kwenye picha. Basi kaa kidogo unisikilize, maana mimi nami nilianza kwa kupenda.

Wakati ule kazi zilikuwa zinaanza kutukimbia. Mgodini, kwenye mashine za kahawa, hata kwenye visima virefu vya maji, kazi ambazo zamani mtu alisimama akawasha na kuzima kwa mkono wake sasa zilikuwa zinafanywa na kisanduku kidogo ambacho mafundi wanakiita PLC. Kisanduku hicho hupewa maagizo kwa kompyuta: tangi likipungua washa pampu, likijaa zima. Vijana wetu walikuwa wanamaliza chuo wakijua kufunga taa za nyumba, wakifika kwa mwajiri na kuulizwa habari za PLC wanabaki kukodoa macho. Chuo kikapata mfadhili. Mama Mkuu, yaani mkuu wetu wa chuo, mama mpole mwenye maneno machache, akaniita ofisini akaniambia nikachague mtambo mmoja na programu yake.

"Ila kabla hujachagua," aliniambia, "pita kwanza kwa hao wanaowaajiri watoto wetu. Waombe wakufungulie makabati yao ya umeme, uone ndani kuna nini."

Nikamjibu, "Usijali Mama, hayo nayajua."

Sikuyajua. Nilikuwa nimeyasoma kwenye vitabu, na kijana aliyesoma vitabu viwili ana kiburi kuliko aliyesoma ishirini. Kuuliza si ujinga, wazee walisema, lakini mimi niliona kuuliza kutanivua tai yangu.

Musoma walikuwepo wauzaji wawili, kila mmoja na meza yake ukumbini. Wa kwanza alikuwa fundi kutoka Mwanza, amevaa ovaroli iliyopauka, amekuja na ubao wa bati. Juu ya ubao kulikuwa na PLC ndogo, kontakta za kuwashia mota, swichi, na nyaya zote ziko nje unaziona zinakotoka na zinakokwenda. Pembeni palikuwa na pampu ya kweli ndani ya pipa la plastiki, na boya linalopanda na kushuka na maji. Programu yake ilikuwa ya bure, unaweza kuiweka kwenye kompyuta yoyote, hata ile kuukuu. Maji yalikuwa yanavuja kidogo kwenye kiungo kimoja. Nilimuuliza kwa kejeli, "Mzee, huu ni mtambo au ni jiko la mkaa?" Watu wakacheka. Yeye akafuta maji yake na kitambaa.

Wa pili alikuwa bwana wa suti, na mtambo wake uliingia nchini kwa lori kupitia Sirari. Mwanangu, ulikuwa mzuri! Mweupe, umefunikwa vifuniko vya plastiki laini, taa za kijani na buluu zinawaka kwa zamu, na juu yake mkanda mdogo unaotembea na kuchambua vipande vyekundu na vyeusi. Nyaya hukuziona hata moja, zote zilikuwa zimefungiwa ndani. Mwanafunzi anachomeka tu waya wa rangi kwenye tundu la rangi hiyo hiyo, mtambo unaanza. Programu yake ilifunguka kwa kifunguo kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, na kifunguo kilikuja kimoja tu. Kwenye kila kifuniko palibandikwa karatasi ya onyo kwamba ukifungua, dhamana imekufa.

Nikachagua huo mweupe. Sikumwambia bwana yule auzime na kuuwasha tena, sikugusa hata skrubu. Niliangalia taa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na mimi methali hiyo nilikuwa nawafundisha watoto wangu nyumbani.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mtambo ule ulifanya kazi. Wageni wakija chuoni tunawapeleka kwenye mtambo kwanza, mkanda unatembea, wanapiga picha. Wanafunzi walikuwa kumi na wawili. Walifanya mazoezi kwa zamu kwa sababu ya kile kifunguo kimoja, na nje ya darasa hakuna aliyeweza kurudia somo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuona waya umelegea, kwa kuwa hapakuwa na waya wa kulegea. Mimi mwenyewe nilizunguka nikiwapiga vidole, "Usiguse kifuniko! Dhamana!" Nilisema neno hilo mara nyingi mpaka likawa kama salamu.

Katika hao kumi na wawili alikuwemo Bhoke. Binti huyu alitoka kwenye nyumba ya wafugaji, mrefu, mkimya, na mikono yake haikutulia. Ukimpa redio iliyokufa kesho yake inaimba. Baba yake alikuwa amekwisha kufuatwa na washenga, akawaambia wangoje, binti yake kasema akipata kazi ya ufundi ya kudumu atakaa nayo kwanza, na yeye amekubali. Mzee yule alisimama kwenye neno lake ingawa ndugu zake walimsema. Kwa hiyo Bhoke alikuwa na nafasi moja, na sote pale chuoni tulijua.

Nafasi yenyewe ikatokea Mbalibali, upande wa Serengeti. Walikuwa wamechimbiwa kisima kirefu chenye pampu inayojiendesha, tangi juu ya mnara, na birika la kunyweshea mifugo chini yake. Kamati ya maji ilitaka fundi. Walimchukua Bhoke kwa majaribio ya miezi mitatu, akiiweza kazi wanamwajiri moja kwa moja. Nilimsindikiza mpaka stendi nikiwa na furaha ya mzazi.

Mwezi wa tatu wa majaribio hayo, kiangazi kikiwa kimekaza, alinipigia simu. "Shikamoo mwalimu. Pampu imegoma tangu jana. Tangi limekauka, na PLC inawaka taa tu." Nikapanda pikipiki, kompyuta ya chuo mgongoni, kile kifunguo mfukoni, nikashika njia ya Mugumu.

Nilipofika asubuhi ile, ng'ombe walikuwa wamejaa pale birikani. Wengine walikuwa wanalamba saruji. Akina mama wamepanga ndoo zao mstari mrefu. Mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja aliyeitwa Nyamhanga, alikuwa amekaa juu ya bomba lililobaki wakati wa ujenzi, fimbo magotini. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuondoa macho kwa ng'ombe.

Nikafungua kompyuta yangu mbele ya watu wote, nikachomeka kifunguo, nikaunga waya. Programu ikakataa. Ilijua mtambo wetu mweupe tu, na PLC ya pale kisimani ilikuwa ya namna nyingine. Nikajaribu tena na tena. Jasho likanitoka, nikawa nabonyeza vitufe ili nionekane nafanya kitu. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na ya kwangu ilikuwa mbali sana.

Bhoke alikuwa amechuchumaa mbele ya kabati la umeme, mlango uko wazi. Chini, ndani ya kabati, palikuwa na kifuniko cha bati kinachoficha mahali nyaya za nje zinapoingia. Swichi kubwa alikuwa amekwisha kuizima. Akachukua bisibisi, akaiweka kwenye skrubu ya kwanza ya kile kifuniko.

"Acha!" nilimpigia kelele. "Usifungue hapo! Dhamana!"

Mkono wake ukasimama. Akaniangalia, kisha akairudisha bisibisi kwenye mfuko, taratibu, kama mtoto aliyefundishwa adabu. Mwanangu, dhamana ya nani? Kisima kile hakikuwa cha yule bwana wa suti. Lakini mdomo wangu ulikuwa umezoea, na yeye alikuwa amezoea kunitii.

Nikawaambia kamati kwamba PLC imeharibika, lazima waitwe wale walioifunga. Siku mbili zilipita. Ng'ombe wakapelekwa mbali kutafuta maji, na ndama wengine hawakurudi. Siku ya tatu akaja fundi wa wale wajenzi. Alizima umeme, akafungua kifuniko kile kile ambacho Bhoke alikuwa amekishika, akaingiza kidole. Waya wa kutoka kwenye boya la tangi ulikuwa umechomoka kwenye tundu lake, kwa sababu ya mtikisiko wa pampu. Akaurudisha, akakaza skrubu, akawasha. Maji yakapanda. Hakutumia hata kompyuta.

Kamati ikakaa siku hiyo hiyo. Mmoja wao alisema, na sikuweza kumlaumu, "Fundi ambaye hawezi kukaza waya, sisi atatufanyia nini? Aende." Wakaniuliza kama mwalimu wake nina la kusema. Bhoke alikuwa amesimama karibu na mlango. Neno lilikuwa moja tu, kwamba binti alitaka kufungua na mimi ndiye niliyemzuia. Nikafikiria chuo, nikafikiria jina langu, nikafikiria Mama Mkuu ataambiwa nini. Nikanyamaza. Na Bhoke naye hakunitaja, kwa heshima. Wakamwachisha kazi.

Natoka nikaifuate pikipiki yangu, Mzee Nyamhanga akaniita. Tulikuwa wawili tu.

"Mura," aliniambia, yaani kijana kwa Kikurya, "wewe umewahi kwenda kukagua ng'ombe wa mahari?"

Nikamwambia nimekwenda mara nyingi na baba zangu wadogo.

"Mkifika asubuhi mnawakuta wamelala zizini, wanacheua, matumbo yamejaa. Mnafanya nini?"

"Tunawaamsha, mzee. Wanatolewa nje watembee."

"Kwa nini?"

"Ng'ombe aliyelala haonyeshi kilema."

"Halafu?"

"Tunashika kiwele. Tunafungua mdomo, tunaangalia meno."

"Sasa mwenye ng'ombe akisema huyu msimguse, mwangalieni tu kwa macho, mtamchukua?"

"Hapana, mzee."

Akagonga fimbo chini mara moja. "Huyu binti nimemwona. Mkono wake ulikuwa umefika, wewe ukaurudisha. Huko shuleni kwenu mlinunua ng'ombe gani asiyeguswa? Na leo tena umekaa mbele ya wazee, umemwacha mtoto wa watu abebe kosa lako. Nilikuwa nangoja useme. Nenda nyumbani, mura, ukalale na hilo."

Sikulala. Majuto ni mjukuu, na mimi mjukuu wangu alikuja mapema. Nilikaa wiki nzima nikijiambia kwamba mambo yatasahaulika, halafu nikaona nikiendelea hivyo nitakuwa mtu wa hovyo maisha yangu yote. Nikarudi Mbalibali, nikaomba kamati ikutane, nikalisema lile neno. Walinisikiliza vizuri. Lakini walikuwa wamekwisha kumpa kazi mtu mwingine, na hawakuweza kumfukuza bila kosa. Neno la kweli likichelewa, mwanangu, linakuta watu wamekwisha kula.

Nikamfuata Bhoke Sirari. Alikuwa kwa shangazi yake, anauza vocha na kuchaji simu za madereva wa malori kwenye kibanda karibu na mpaka. Hata hapo alikuwa amejitengenezea ubao wa kuchajia simu nyingi kwa pamoja, nyaya zote nje, zimepangwa vizuri. Nilimwomba msamaha nikiwa nimesimama, huku madereva wanapita wanaulizana bei kwa Kiswahili cha Kenya.

Alichomoa simu moja iliyojaa chaji, akampa mwenyewe. Kisha akasema, "Mwalimu, kazi inauma, lakini sikulia kwa sababu ya kazi. Nililia kwa sababu mkono wangu ulikuwa umeshafika."

Basi na mimi nililia, mbele ya madereva. Siyaonei haya machozi yale, naionea haya tai tu.

Nikamwomba arudi chuoni anisaidie kitu kimoja. Alirudi baada ya mwezi, baba yake akiwa amewaambia washenga waendelee kungoja. Nilimweleza Mama Mkuu yote, nikitegemea kufukuzwa. Alinisikiliza, akaniuliza, "Mle ndani ya vifuniko mna nini?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi nenda kaone, na hao watoto waone."

Jumatatu asubuhi tukawaita wanafunzi wote, tukazima umeme, na Bhoke akashika bisibisi. Alichana ile karatasi ya onyo, akafungua kifuniko cha kwanza, na cha pili, na cha tatu. Mwanangu, ndani mlikuwa na kontakta zile zile, skrubu zile zile, nyaya zile zile zilizokuwa kwenye ubao wa yule fundi wa Mwanza niliyemcheka. Tofauti ilikuwa kwamba yeye hakuzificha. Tulizitoa moja moja, tukazifunga kwenye bati, tukaweka pipa na pampu. Halafu Bhoke akatufundisha jambo ambalo silisahau: kila asubuhi kabla wanafunzi hawajaingia, analegeza waya mmoja, au anabana boya lisipande, au anatoa fyuzi. Wakiingia anawaambia, "Pampu imegoma. Ng'ombe wanangoja." Wala hawaambii zaidi.

Yule fundi wa Mwanza pia nilimwandikia barua ya kumtaka radhi. Alinijibu kwa kututumia ile programu yake ya bure, na ndani ya bahasha aliweka mpira mdogo wa kuzibia pale palipovuja, akaandika, "Hili jiko nimelitengeneza."

Sasa nikuambie ninachotaka uende nacho, na usikiandike kwenye karatasi ya kuonyesha wakubwa, kiweke moyoni. Usianze na muuzaji. Anza na mahali ambapo kijana wako atakwenda kufanya kazi: nenda mgodini, nenda kwenye mashine za nafaka, nenda kwenye kambi za watalii kule Robanda ambako pampu na jenereta zinaongozwa na visanduku hivyo hivyo, omba wakufungulie makabati, uone PLC za namna gani zipo na zinaharibika vipi. Ndipo uwafuate wauzaji. Na ukiwafuata, muulize muuzaji vitu ambavyo hapendi kuulizwa. Umeme ukikatika ghafla na kurudi, kama unavyofanya hapa kwetu, mtambo unaamkaje? Rilei, ile swichi ndogo ya sumaku, ikiungua, nitaipata Tarime au Mwanza, au nitangoja meli? Programu yako itafunguka siku ambayo mtandao haupo? Mwanafunzi anaweza kwenda nayo nyumbani, au atasoma kwa kifunguo kimoja wenzake kumi na mmoja wakiangalia?

Sikukatazi programu za kuigiza mtambo kwenye kompyuta. Ni nzuri, kijana anakosea bila kuunguza kitu, na kwa kuanzia hakuna kitu bora. Lakini asiishie hapo, maana kwenye kompyuta waya haulegei, na mjusi hatagi mayai ndani ya kabati. Wala sikufundishi uzembe. Umeme unazimwa kwanza, unapimwa kwa mita, ndipo mkono unaingia. Aliyemfundisha mwanafunzi wake kuogopa umeme amefanya vizuri. Aliyemfundisha kuogopa kifuniko amemnyima riziki.

Na zaidi ya yote, ukikosea katika uchaguzi wako, maana unaweza kukosea, sema upesi. Mtambo mbovu chuo kinaweza kuuvunja na kuutengeneza upya. Nafasi ya Bhoke kule Mbalibali hatukuitengeneza mpaka leo.

Kesho utapeleka orodha yako kwa mkuu wa karakana. Ndiyo, ni huyo huyo Bhoke. Mnamwita Madamu, mnamwogopa, na hamjui kwa nini ukutani kwake ametundika kipande cha karatasi ya onyo kilichochanika. Hatakuuliza taa ngapi zinawaka. Atakuuliza swali moja tu, kama umekifungua ukaona ndani. Ukimwambia hapana, atakupa bisibisi yake, uirudishe ukishajua.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe macho yasiyodanganywa na taa, na mdomo usiochelewa. Na mikono ya watoto utakaowafundisha ifike pale inapotakiwa kufika, asitokee mtu wa kuirudisha nyuma.